Naomba ushauri: shule imetuita wazazi kuhusu elimu ya balehe na mahusiano

Habari zenu wapendwa. Nina binti wa miaka 10, tunaishi Mbagala. Shule yake imetuita wazazi Jumamosi tutoe maoni kabla hawajaanza kuwafundisha watoto kuhusu balehe, hedhi, urafiki na kukataa kushikwashikwa.

Mimi naunga mkono. Nilivunja ungo sijaambiwa neno, nikajifungia chooni nalia nikidhani naumwa. Sitaki mwanangu yamkute yale. Baba yake anasema hayo ni ya shangazi na kungwi, mwalimu atawafungua macho mapema. Lakini shangazi mtu yuko Lindi, tunaonana Idi kwa Idi.

Dada yangu aliyeko London ananiambia kule England elimu ya mahusiano ni lazima shule za msingi tangu Septemba 2020, na shule inatakiwa kuwashirikisha wazazi inapoandaa utaratibu wake.

Mliowahi kukaa vikao vya namna hii, niulize nini? Niombe kuona vitabu kwanza? Wavulana na wasichana wakae pamoja au mbalimbali? Na mume wangu nimwingieje, maana nataka twende wote.