Mashine ya rola za soseji: za mbele zinapasuka, za nyuma hazishiki rangi, breka inaanguka asubuhi

KibandaStage
Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi mashine za soseji zinazozunguka, zenye rola na kifuniko cha kioo. Hii ni ya rola 7, wati 1400, ya mtumba, iko kibandani karibu na stage hapa Umoja. Ina vidhibiti viwili vya moto, cha mbele na cha nyuma.

Soseji za mbele zinapasuka kwa urefu kabla ya dakika kumi kuisha. Za nyuma zinabaki zimepauka, na rola ya pili kutoka nyuma haina moto kabisa, tone la maji linakaa juu yake bila kuchemka. Asubuhi nikiwasha, breka ya kuzuia mshtuko inaanguka mara moja au mbili, baadaye inakubali. Soseji ni za ng'ombe, mbichi, zinatoka friza moja kwa moja hadi kwenye rola. Smoki (zile soseji zilizokwisha iva) hazisumbui sana. Tokeni za stima nazo zinaisha haraka. Inatengenezeka, ama niiuze?

Fundi_Elementi
Usiuze. Hizo ni shida tofauti na zote zina dawa.

Kila rola ina elementi yake ndani, fimbo nyembamba ya kutoa moto iliyotulia huku bomba likizunguka kuizingira. Wati 1400 kwa rola 7 ni wati 200 kila moja. Ingekuwa themostati (kinachokata na kuwasha moto) imekufa, rola zote za nyuma zingepoa. Kwa kuwa ni moja tu, angalia elementi yake au waya zake. Chomoa plagi kwenye soketi, kuzima swichi peke yake hakutoshi. Acha ipoe, fungua mabati ya ubavuni, toa waya kwenye ncha za elementi hiyo kisha pima kwa multimita. Elementi nzima ya wati 200 iliyotengenezewa volti 240 husoma karibu omu 288. Ya volti 220 husoma karibu 242. Multimita isiposoma chochote, imekatika. Ikisoma sawa, kagua tamino, kile kishikizo cha waya kwenye ncha ya elementi: ikilegea huungua, na utaiona imekuwa nyeusi. Kata sehemu iliyoungua, weka tamino ya kuvumilia joto na waya wenye ganda la silikoni. Waya wa kawaida wa plastiki huyeyuka mle ndani.

Ukienda mjini kutafuta nyingine, beba ile ya zamani mkononi. Urefu, unene, wati na volti lazima zilingane. Angalia pia kibandiko cha mashine yenyewe, kwa sababu kuna za mtumba kutoka Marekani za volti 120. Hizo ukizichomeka kwenye stima yetu bila transfoma zinaungua papo hapo.

Sasa breka. Ndani ya elementi kuna unga mweupe unaotenganisha waya na ganda la chuma. Unga huo hunyonya unyevu mashine ikilala kibandani, hasa msimu wa mvua na kwenye baridi ya Julai. Stima kidogo inavuja kwenda kwenye chuma, na breka ya miliampea 30 inakata. Elementi ikishapata moto, unyevu unatoka, ndiyo maana baadaye inakubali. Tenganisha elementi moja moja, upime kati ya ncha yake na ganda lake la chuma kwa mita ya kupima uvujaji wa stima, ya volti 500. Isiposoma zaidi ya megaomu 1, badilisha. Multimita ya kawaida inaweza kukudanganya hapa. Akija fundi akakuambia turuke breka au tukate waya wa ardhi, mfukuze. Mteja anaegemea kile chuma akingoja kuhudumiwa.

JikoMoto254
Fundi ameongea ya stima, mimi niongee ya nyama, maana hata ukibadilisha elementi zote 7 zile soseji zitaendelea kupasuka.

Rola ni za soseji iliyokwisha iva: smoki na zile za hotidogi. Kazi yake ni kupasha, kukausha ngozi, kutia rangi na kuonyesha bidhaa. Soseji mbichi kutoka friza inagusa rola kwa mstari mwembamba tu. Ngozi inakauka na kukaza, ya ndani bado ni barafu, halafu mvuke ukianza kufura unapita pale ngozi ilipochoka. Lile pasuko la urefu ndilo hilo. Na hatari zaidi ni ile isiyopasuka: nje imeiva, katikati bado mbichi, na mteja ameshaenda nayo.

Zihamishe kutoka friza hadi kwenye friji, chini ya digrii 5, usiku kucha. Asubuhi weka maji kwenye sufuria yafike digrii 80, yatoe viputo vidogo bila kutokota, uzitumbukize dakika 12 hadi 15 kulingana na unene. Choma kipimajoto katikati ya iliyo nene kuliko zote. Isome 74. Zitoe, zikaushe kwa taulo safi za karatasi, kisha ndiyo rola. Ikiingia na maji juu yake inateleza badala ya kuzunguka, na rangi inashika upande mmoja.

Tumia vile vidhibiti viwili vilivyokusudiwa. Nyuma moto wa juu, dakika 8 hadi 10 mpaka zipate rangi. Zisogeze mbele kwa koleo, ambako moto uko chini, wa kuzishikilia juu ya digrii 60. Wewe unazichoma mbele, karibu na mteja, ndiyo maana huna mahali pa kuzipumzisha. Rola 7 zina mifereji 6, kila mfereji soseji 3, jumla 18. Usipange ya pili juu ya nyingine.

Andika saa kwenye karatasi. Zikimaliza muda wa saa 4 juu ya rola, toa. Stima ikipotea, usizipashe tena kama zimekaa zaidi ya saa 2 chini ya digrii 60.

SmokiPasua_Embakasi
Nakubali yote isipokuwa maji. Maji yanatoa ladha. Mimi ningezitoboa kwa uma kisha kikaangoni na mafuta kidogo, moto mdogo.

JikoMoto254
Kikaango sawa, mradi ndani isome 74. Ila kutoboa usifanye ndugu. Mafuta yote yanamwagika kwenye rola, yanatiririka hadi kwenye mihuri ya pembeni (ile mipira inayoziba ncha za rola) na kuingia kwenye cheni. Hapo utamtafuta Fundi kila mwezi.

KibandaStage
Asanteni sana. Nimepima: ile rola baridi multimita haisomi kitu, nyingine sita zinasoma kati ya 280 na 290. Nimekuta pia mafuta meusi kama lami upande wa cheni, na rola mbili zinalia zikizunguka. Naweza kupaka grisi ya gari?

Fundi_Elementi
Hapana. Grisi ya gari ikipata joto inalainika na kutambaa hadi kwenye chakula. Mafuta ya kupikia nayo yanageuka gundi, na ile lami uliyoikuta inaelekea ni hayo pamoja na mafuta ya soseji. Ikwangue kwa kijiti cha mbao, ufute kwa kitambaa chenye sabuni kilichokamuliwa sana, ukaushe. Kisha tia grisi ya mashine za chakula inayovumilia joto kali, kiasi cha punje ya maharagwe kwa kila bushi, kile kipete ambamo ncha ya rola huzunguka. Mihuri iliyochanika badilisha sasa, ukiwa umeshafungua. Cheni ikibonyezwa katikati icheze kidogo tu. Ikilegea sana itaruka meno na rola zote zitasimama huku moto unaendelea.

Usafi wa kila jioni: zima moto, acha rola zizunguke zikiwa vuguvugu, futa kwa kitambaa kibichi. Usiimwagie maji, na usitumie stili wulu kama rola zina rangi nyeusi ya kuzuia kushika.

Tokeni: ikiwaka yote ni yuniti 1.4 kwa saa, yaani 14 kwa saa 10, na huo ndio mwisho wake. Ukishusha moto wa mbele na kufunga kioo, themostati itakuwa inakata na kuwasha, na hesabu itashuka. Upepo wa barabarani ndio unaokula tokeni zako, kwa hiyo geuza mgongo wa mashine uelekee upepo. Na kebo ya ekstensheni ikunjue yote, ikiwa imeviringwa inapata joto. Mashine hii inavuta karibu ampea 6. Usiiweke ekstensheni moja na jiko la chipsi.

JikoMoto254
Kioo uache upenyo wa kidole kimoja, mvuke utoke. Kikifungwa kabisa ngozi inalegea na soseji inaonekana kama imechemshwa. Na hakikisha cheti chako cha afya cha kushika chakula hakijapita miezi sita, maana watu wa afya wa kaunti wakikuona na mashine mpya ya kioo ndicho wataulizia kwanza.