Maktaba inayofuta jumbe za foleni kabla kazi haijaisha, huu ni uzembe!

Wakuu, nimechoka na sitaficha.

Kuna kimaktaba cha JavaScript, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuazima, cha kusomea foleni za SQS, huduma ya Amazon inayoshikilia jumbe hadi programu yako izishughulikie. Kinajinadi kwamba ni chepesi, mistari michache tu na umemaliza. Tukakiweka kazini. Maagizo ya wateja yakaanza kupotea. Sisemi kuchelewa, KUPOTEA! Foleni tupu, logi (kumbukumbu za programu) safi, grafu zote za kijani, huku wateja wanauliza oda zao zimeishia wapi.

Nikaingia kwenye msimbo wake. Wanapokea jumbe, SQS inakupa hadi 10 kwa ombi moja, wanazipitisha kwenye forEach, kitanzi cha kupitia moja moja, yenye async ndani (kazi isiyoisha papo hapo), halafu mstari unaofuata wanazifuta zote kwa mkupuo. forEach haisubiri promisi, yaani kazi ambayo bado haijaisha, jamani! Kazi yako ndiyo kwanza inaigusa hifadhidata, ujumbe umeshafutwa. Hifadhidata ikigoma, hakuna cha kurudia. Na hitilafu yenyewe? Imetupwa kwenye catch, sehemu ya kunasa hitilafu, yenye mabano matupu. Hata neno moja kwenye logi hakuna.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba foleni ilishaweka kinga. SQS haifuti ujumbe ukiuchukua, inauficha tu: sekunde 30 usipogusa mpangilio, hadi muda wa saa 12 ukitaka. Ukimaliza kazi ndipo unatuma DeleteMessage, ombi la kuufuta. Ukianguka katikati, muda ukiisha ujumbe unaonekana tena na seva nyingine inauchukua. Ukishindikana mara ulizopanga, unahamishiwa foleni ya jumbe zilizoshindikana, uende ukaukague. Usiposhughulikiwa kabisa unakaa siku 4, au hadi 14 ukiongeza. Kinga yote hiyo imefyekwa na mistari miwili ya mtu mwenye haraka!

Nimewaandikia wenye mradi. Wanajibu eti wanafuta mapema ili ujumbe usishughulikiwe mara mbili. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, kwa hiyo nakala ya pili inaweza kuja hata ukifuta mapema. Dawa yake ni kuhifadhi namba ya agizo na kuangalia kama limeshashughulikiwa. Kutupa agizo la mtu si dawa ya chochote.

Na msiniambie kwamba ndiyo gharama ya wepesi. for...of yenye await, kitanzi kinachosubiri kila kazi iishe, kazi ikifaulu futa, ikigoma usifute na hitilafu iandikwe. Kazi ikiwa ndefu, ongeza muda wa kufichwa. Hayo yanaongeza mistari mingapi?

Wenye vimaktaba vya namna hii kazini, fungueni faili linalosoma foleni leo hii, mtazame DeleteMessage imekaa kabla au baada ya kazi. Na mwenye kingine kinachofuta baada ya kazi, aliyekisoma msimbo kwa macho yake mwenyewe, akiweke hapa.