Pikipiki za umeme Mwanza: walikuja na turubai na soda, wametuachia deni

Wakuu, jana usiku nimesukuma pikipiki kutoka Igoma mpaka Nyakato. Siyo pancha, siyo mafuta. Chaji. Nafika kituo cha kubadilishia betri saa tano kasoro, nakuta watu 9 kwenye foleni na kijana wa kituo kajilaza kwenye benchi. Anasema umeme ulikatika tangu jioni, betri zote zilizopo haziifikii asilimia 30, "chukueni hivyohivyo". Na bei ni ileile ya betri iliyojaa! Hapo ndipo nilipoapa kwamba leo lazima niandike.

Nianzie mwanzo, ili wale wa "unapinga maendeleo" wakae kimya kidogo. Mimi ni bodaboda, mwaka wa 9 huu, kijiwe chetu kiko Buzuruga. Nilikuwa na Boxer yangu ya petroli, kadi jina langu. Ila mafuta yalikuwa yananimaliza. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitoa bei mpya ya mafuta, kijiweni tunakaa kama watu wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Basi wakaja vijana wa fulana za kijani, wakafunga turubai, wakagawa soda. Hakuna petroli, hakuna oili, hakuna plagi, hakuna moshi. Kianzio 300,000, halafu hesabu ya 12,000 kwa siku kwa miezi 18, chombo kinakuwa chako. Nikauza Boxer. Msinicheke, mke wangu keshaifanya hiyo kazi.

Ambacho hakikusemwa chini ya turubai ni kwamba pikipiki inakuwa yako, betri haiwi yako kamwe. Ipo kwenye mkataba, ukurasa wa 4, maandishi ya sisimizi. Na betri ni ya umbo lao, soketi yao, mfumo wao, haiingiliani na ya kampuni nyingine yoyote. Boxer ikikuishia Kisesa, utamkosaje mtu anayeuza petroli kwenye chupa za maji? Hii ikiisha Kisesa, wewe ni mtembea kwa miguu mwenye mzigo wa chuma. Vituo viko viwili, kimoja mjini, kimoja Nyakato. Nyegezi, Kisesa na Airport tuliambiwa "ndani ya miezi mitatu". Huu ni mwezi wa 11.

Walisema inatembea kilomita 80 kwa chaji moja. Labda kwa mtu mmoja mwembamba, barabara tambarare kama meza. Hapa ni mji wa mawe, jamani! Mpakize mgonjwa na ndugu yake upande nao mlima wa hospitali ya Bugando, uone namba inavyoporomoka. Juzi nilimbeba mayu (mama) mmoja na ndoo zake mbili za dagaa kutoka soko la Mwaloni, kufika kwake asilimia 22 zimekwenda. Mlima ukikutana na mzigo, betri inavutwa kwa nguvu, inachemka, na chaji inakwenda kasi. Halafu hizo betri tunazungushiana wote, zimechajiwa mara zisizohesabika, na kila chaji inaila kidogo. Mwanzoni nilikuwa napata kilomita 60 na kitu. Siku hizi ni bahati nasibu, ukiangukia iliyochoka unapata 35 na bei haipungui hata shilingi.

Na asije mtu hapa kusema tatizo ni milima. Kigali ni milima mitupu, na tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria pale mjini, ni za umeme tu. Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, na muda ambao matumizi ni madogo inashuka nusu. Shemeji yangu anavua dagaa Igombe. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa yanakula mapato usiku kucha. Leo anawasha taa za sola, na betri ikifa kabla giza halijaisha anakuja mjini kununua nyingine duka lolote analotaka. Hakuna wa kumfungia taa ziwani. Kwa hiyo siupingi umeme. Hapa kwetu wameuza pikipiki kwanza, vituo watavifikiria baadaye, na huo muda wa kufikiria tunaulipia sisi.

Sasa hili la kufungiwa chombo ukichelewesha hesabu ndilo limenitoa machozi. Mwezi uliopita mtoto aliugua, siku mbili sikupeleka hesabu. Nikiwa Mabatini na abiria mgongoni, chombo kikazima katikati ya barabara. Wamekizima kwa mtandao, wakiwa wamekaa ofisini! Daladala iko nyuma yangu inapiga honi, abiria anashuka ananitukana. Nikapiga simu. Dada akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, siyo sisi, ni mfumo." Nikamuuliza mfumo unakaa mtaa gani nikausalimie.

Lakini kituo kikikosa betri siku nzima, huo mfumo unasimamisha hesabu? Thubutu. Mwezi huu peke yake nimelala bila kazi siku 4 kwa sababu yao, na 48,000 zao ziko palepale kwenye deni langu. Bwawa la umeme la Nyerere la megawati 2,115 nalijua, hotuba nimezisikia. Kituo cha Nyakato hakina hata jenereta wala paneli moja ya sola juu ya bati.

Kinachoniuma zaidi, zile fulana zilikuwa zimeandikwa mradi unaungwa mkono na wahisani wa mazingira. Mhisani gani msaada wake unanifikia ukiwa mkopo? Nikaingia kusoma. Mwaka 2021 kule Glasgow, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, mataifa tajiri yaliiahidi Afrika Kusini dola bilioni 8.5 ili iachane na makaa ya mawe. Kuja kufungua mahesabu, ruzuku ilikuwa kama asilimia 4, sehemu kubwa ya iliyobaki ni mikopo. Nilicheka peke yangu. Kumbe hata nchi nzima inaweza kufungiwa turubai ikapewa soda.

Mwenye mkataba kama wangu hapa Mwanza anicheki PM, aje na nakala na risiti za kubadilisha betri. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana kijiweni, tunakwenda ofisini kwao pamoja. Ninachotaka ni siku walizokosa betri zitolewe kwenye deni, na bei ya betri iende na asilimia iliyomo. Na nyie wa kampuni mnaosoma humu kimyakimya, namba yangu mnayo. Kila saa 11 alfajiri mnaitumia ujumbe wa kudai.