Tupeane uzoefu: gari la zamani na safari ndefu ya barabara kuu kila siku

Mwanzisha mada, Mlandizi

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa sisi tunaokaa mbali na kazini na tunaotegemea magari yenye umri mkubwa kufika huko kila siku. Ushauri mwingi ninaousikia unalifaa gari la mjini, la kwenda sokoni na kurudi, wala hauligusi gari ambalo kila jioni linaegeshwa likiwa limemaliza zaidi ya kilomita mia moja.

Nianze na la kwangu. Ninaishi Mlandizi na kazi yangu iko katikati ya Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 60 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na gari langu ni Toyota Carina Ti yenye injini ya 5A. Kwa siku za kazi peke yake, gari hili linatembea zaidi ya kilomita 2,500 kwa mwezi, yaani karibu 30,000 kwa mwaka. Mtu wa hesabu hiyo akiambiwa amwage oili kila baada ya miezi sita, atakuwa ameisukuma oili ileile kwa kilomita 15,000. Mkanda wa taimingi (ule unaooanisha mzunguko wa valvu na wa pistoni ndani ya injini) wa kilomita 100,000, ambao kwa jirani yangu anayefanya kazi hapahapa Mlandizi ni habari ya miaka mingi ijayo, kwangu unadai kubadilishwa baada ya miaka mitatu na miezi michache. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba gari la namna hii litunzwe kwa kilomita, na wala si kwa kusubiri dalili. Katika kisanduku cha deshibodi kuna daftari, na kila kifaa kinachofungwa ninakiandikia kilomita zilizosomeka siku hiyo, ili anayekuja kuuliza "plagi hizi ni za lini" ajibiwe na karatasi.

Jingine ni kwamba safari yenyewe ni kama safari mbili. Kutoka Mlandizi hadi Kibaha gari linakwenda kwa mwendo mmoja, katikati ya malori yanayotoka na kwenda Zambia na Kongo. Lakini ukikaribia Ubungo asubuhi, hata baada ya Kimara hadi Kibaha kupanuliwa kuwa njia nane, foleni bado ipo. Injini huipenda sehemu ya kwanza, kwa sababu ikishapata joto lake na kwenda mwendo usiobadilikabadilika, unyevu uliomo kwenye oili hukauka na mlo wa petroli hupungua. Vinavyoumia ni miguu: tairi, beringi, bushi na shokapu. Beringi ninaisikiliza nikiwa nimefunga vioo na kuzima redio kwenye kipande kilichonyooka. Mngurumo wake huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, hata ukiweka gia huru, na ukizidi unapokata kona ya kulia ujue mara nyingi beringi iliyokwisha ni ya kushoto, kwa kuwa uzito wa gari umehamia upande huo. Beringi ya namna hiyo hainunuliwi mwisho wa mwezi, inanunuliwa wiki hiyohiyo.

Karibuni.

Mchangiaji, Bagamoyo

Ahsante, kaka, kwa mada hii. Mimi ni mwalimu, ninatoka Bagamoyo kwenda Tegeta kila siku kwa Corolla 110, na moyo wangu wote uko kwenye tairi.

Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiandikwa 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinazopangwa kando ya barabara hupakwa dawa nyeusi zikang'aa, na kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zinaweza kuonekana nene kabisa, lakini mpira ukishazeeka huwa mkavu ndani, na ukavu huo hauonekani mpaka tairi ipate joto la mwendo mrefu. Mimi siinunui tairi kabla ya kuinama na kuisoma namba hiyo, hata muuzaji akinikunjia uso.

Upepo ninaupima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, kwa geji yangu mwenyewe, nikifuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ukipima baada ya kutembea, joto limekwisha kuongeza upepo, na ukiupunguza hapo utakuwa umeliacha gari na tairi laini. Wengi wanadhani tairi hupasuka kwa kujazwa mno, kumbe tairi yenye upepo mdogo ndiyo inayokunjwa ubavuni kila inapozunguka, ikachemka, ikaachia katikati ya mwendo.

Kila Jumamosi ninapitisha kiganja juu ya kashata, kwanza kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kikiteleza vizuri upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili, tairi imeota meno, na hiyo ni kazi ya alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooshwa sawasawa. Macho hayaoni jambo hilo mapema kama kiganja kinavyolihisi.

Kwa sisi tunaolala karibu na bahari kuna pia chumvi. Ninapoosha gari ninaomba maji yapigwe kwa nguvu chini, kwenye matao ya tairi na kwenye mabomba ya breki, maana kutu ya Pwani huanzia mahali ambapo mwenye gari haangalii.

Fundi, Kibaha

Nawasalimu wote. Nimekuwa fundi wa magari kando ya barabara hii kwa muda mrefu, na gari la zamani linaloletwa hapa likivutwa kwa kamba, mara nyingi limechemsha. Naomba nilieleze hili kwa kirefu, kwa sababu ni eneo ambalo hata sisi mafundi tunawaumiza wateja.

Kwanza, mteja aangalie linachemsha wapi. Linalochemsha kwenye foleni na kupoa linapoanza kukimbia lina tatizo la feni: feni yenyewe, swichi yake, rilei au waya, kwa sababu gari likiwa kwenye mwendo upepo wa njiani hufanya kazi ya feni. Linalotulia kwenye foleni lakini sindano ikapanda kwenye mwendo mkali au mlimani, hilo lina rejeta iliyoziba, au thamostati (valvu inayozuia maji yasipite kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) isiyofunguka vizuri, au pampu ya maji iliyokwisha mapanga. Mteja akija na maelezo hayo tu, nusu ya kazi yangu imekwisha.

Pili, thamostati. Kuna desturi ya kuing'oa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto. Thamostati za Toyota nyingi za zamani huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo, ili injini ifikie joto lake haraka na kubaki hapo. Ukiing'oa, asubuhi injini itatembea kilomita nyingi ikiwa baridi, kompyuta itaendelea kuongeza petroli ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na oili itabaki na unyevu. Anayekwenda kilomita 120 kwa siku atailipia thamostati hiyo mara nyingi kwenye kituo cha mafuta. Thamostati mpya ni kifaa cha bei ndogo, na kabla ya kuifunga ninaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka mbele ya mteja, aione inavyofunguka.

Tatu, kofia ya rejeta, ile inayoonekana haina maana. Kofia yenye alama ya 0.9 huzuia presha ndani, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Springi yake ikilegea, maji yanachemka kwenye 100 kama ya jikoni, yanamwagikia kwenye chupa ya akiba na kupotea, na mteja anaambiwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imekufa. Badilisheni kofia kabla ya kufungua hedi.

Na tafadhali, tumieni kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa, yanajenga ukoko ndani ya vijia vya rejeta na kula mapanga ya pampu. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kofia uangalie rangi. Ukiona kutu au utando wa oili, usiondoke kwenda Dar. Ukiona ute mweupe kama chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, na maji ya rejeta yanapungua, njoo moja kwa moja.

Mchangiaji, Naivasha

Mimi ninaendesha Peugeot 504 ya familia, aliyoninunulia marehemu baba yangu nilipoanza kazi, aina ileile iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ninaenda Nairobi asubuhi na kurudi Naivasha jioni, na changamoto yangu ni mteremko. Nikipitia Mai Mahiu, barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa huku malori yakiwa mbele na nyuma, na hapo breki za gari kuukuu hupimwa kwelikweli.

Kanuni niliyofundishwa ni kwamba gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia, kwa hiyo ninashuka kwa gia ya tatu, na panapokaza zaidi kwa ya pili, nikiiacha injini ishike gari, na breki ninaikanyaga kwa muda mfupi na kuiachia ipoe. Mwenye gari la otomatiki asogeze gia hadi 2 au L badala ya kuiacha kwenye D hadi chini.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa polepole. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi, na yakichemka hutoa mapovu, pedali ikazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Mimi huyabadilisha yote kila baada ya miaka miwili hata yakiwa yanaonekana safi. Kuhusu vipuri, gari hili limenifunza kununua kabla ya kuhitaji: nyumbani nina pampu ya maji, mipira ya rejeta na seti ya breki, kwa sababu siku kinapoharibika sitakipata dukani siku hiyohiyo.

Mchangiaji, Maskati

Salamu kutoka huku Oman. Nina Camry ya zamani na ninatoka Barka kuja Maskati kila siku. Kwa joto letu la kiangazi, adui mkubwa ni betri na vumbi. Betri huku nyingi hazimalizi miaka mitatu, kwa hiyo ninaipimisha kabla ya kiangazi kuanza. Na kwa kuwa kondensa ya AC (ile inayopoza gesi ya kiyoyozi) imekaa mbele ya rejeta, vumbi na wadudu wanaonasa katikati yake huzuia hewa ya zote mbili. Ninazisafisha kwa maji ya presha ndogo, kutokea upande wa injini kwenda nje, ili mapezi yasilale.

Mwanzisha mada, Mlandizi

Nawashukuru sana. Fundi, swali moja: wapo wanaosema mkanda wa taimingi wa 5A hauna haja ya kuhofiwa, kwa sababu ukikatika valvu hazigongi pistoni. Unasemaje?

Fundi, Kibaha

Ni kweli, ndugu yangu, kwa injini hiyo kwa kawaida valvu hazigongi, na nikikufungia mkanda mpya gari huwaka. Lakini ukikatika, injini inazima palepale. Usukani unakuwa mzito, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu, na wewe uko kwenye mwendo wa 80 na lori la tani thelathini nyuma yako. Ubadilishwe kwa kilomita zake, na siku hiyohiyo fungeni tensheni mpya (ile inayokaza mkanda), sili za mbele na pampu ya maji, kwa sababu pampu ya 5A inazungushwa na mkanda wa alteneta lakini kuitoa kunataka vifuniko vilevile vifunguliwe, na ufundi utaulipa mara moja. Kisha kilomita za siku hiyo ziandikwe kwa rangi juu ya kifuniko cha mkanda, hata kama daftari lipo, ili fundi mwingine atakayekifungua azione.