Naomba ushauri: shaba hii ililetwa na maji ya awamu ipi?

Wakuu, habari zenu. Nasoma sampuli za uchorongaji za amana ya shaba ya pofiri (shaba iliyotawanyika ndani na kando ya mwamba wa magma uliopoa chini ya ardhi), nimekwama. Naelewa kwamba maji moto ya magma hubeba shaba kwa msaada wa kloridi, kisha huiacha kwa wingi yakipoa kuelekea nyuzi 400 hadi 350 hivi. Tatizo ni kwamba biotaiti (mika nyeusi ya awamu ya mwanzo yenye joto kali) imeliwa na serisaiti (mika nyeupe laini ya awamu ya baadaye), na kalkopairaiti (madini yenye shaba) ipo ndani ya mishipa ya kwatzi, pia imetapakaa pembeni pamoja na pairaiti (madini ya chuma na salfa). Nimechora mishipa inavyokatana, bado sipati jibu. Nitaitofautishaje shaba ya awamu ya kwanza na iliyohamishwa baadaye? Nianze na hadubini, au viputo vya maji vilivyonaswa kwenye kwatzi?