Msaada: maswali magumu ya chemsha bongo kuhusu WALL-E

Mpanga_Raundi
Habari za jioni wakuu. Nimekabidhiwa raundi nzima ya WALL-E, ile katuni ya Pixar ya roboti mpanga taka, kwenye chemsha bongo ya klabu ya filamu. Washiriki wameiangalia hadi wameikariri, kwa hiyo mwaka iliotoka (2008) au jina la mwongozaji (Andrew Stanton) ni pointi za bure. Nataka mambo yasiyojulikana sana, lakini yenye jibu moja lisiloleta ubishi ukumbini, na angalau swali moja la kitu cha kushika mezani. Mpaka sasa nina haya: (1) jina lake ni heshima kwa Walt Elias Disney, (2) anaongea kwa sauti ya kompyuta ya Apple, (3) A113 ni nini. Yanafaa?

Kipaza_Sauti
Mkuu, la kwanza lifute kabla halijakuletea vurugu. Ni uvumi wa mashabiki, na filamu yenyewe imeshatoa jibu: herufi za jina ni kifupi cha kazi yake ya kubeba na kupanga taka, na ile E ya mwisho ni daraja la Dunia (Earth). Uliza hivi: "Roboti wakubwa wa kubana taka ndani ya meli ya anga ya Axiom wanaitwaje?" Jibu ni WALL-A, kwa kuwa wao ni daraja la Axiom. Anayejibu hilo ameangalia kwa makini.

La pili limechanganya roboti wawili. Anayeongea kwa MacInTalk, programu ya Apple ya kusoma maandishi, ni AUTO, yule roboti-usukani wa meli mwenye jicho jekundu. WALL-E kachezwa na Ben Burtt, fundi sauti wa Star Wars. Alirekodi sauti yake mwenyewe kisha akaipitisha kwenye kompyuta na kuichezea. Cha Apple kwa WALL-E ni mlio anaoutoa akishajaa chaji ya jua, ambao ni ule wa Mac inapowaka, pamoja na iPod anayoangalizia kanda yake ya filamu ya nyimbo ya Hello, Dolly!. Ukiuliza "Apple iko wapi kwenye filamu hii?" utapata majibu matano yote sahihi. Taja mhusika kabisa.

Dada_Lenzi
Namba 3 iache au ibane. Kila shabiki wa Pixar anajua A113 ni chumba cha darasa pale CalArts, chuo cha sanaa cha California, walikosomea wachoraji wengi wa katuni. Mimi ningeuliza mambo ya umbo la WALL-E na wenzake:

Macho yake yametokana na kifaa gani? Darubini ya macho mawili. Stanton alipewa moja kwenye mechi ya besiboli, akawa anaigeuza na kuipinda kutafuta uso wa huzuni na wa furaha, mchezo ukampita.

Kiungo gani cha mkono hana? Kiwiko. Sanduku linalobana taka halikuonekana kuhitaji kiwiko. Badala yake mkono unateleza kwenye reli ubavuni mwa mwili, ndiyo maana anaweza kuusogeza mbele au nyuma. Simamisha picha akiwa ametazama pembeni, reli utaiona.

La tatu ni gumu kweli: wale abiria wanene wa Axiom, kwenye matoleo ya mwanzo ya hadithi, walikuwa nini? Walikuwa viumbe wa ute, laini kama jeli na bila mifupa. Wazo lilianzia kwenye jambo la kweli, kwamba mifupa hupungua mtu akikaa muda mrefu angani bila nguvu ya uvutano. Baadaye wakawarudisha kuwa watu.

Kuna na la kamera, ila ni la wajuzi. Mandhari ya Dunia ilitakiwa ionekane kama imepigwa kwa filamu ya miaka ya 1970. Pixar walikodi kamera za Panavision za wakati huo, wakapiga picha mfano wa WALL-E wa ukubwa halisi, kisha wakalinganisha na lenzi za kompyuta yao. Lenzi za kompyuta zikaonekana hazifuati tabia ya lenzi halisi, ikabidi zirekebishwe. Roger Deakins, mpigapicha wa sinema, aliitwa kutoa ushauri.

Kipaza_Sauti
Sasa kitu cha mezani, na hapa ndipo raundi yako itakumbukwa. Mlio wa bunduki ya EVE, yule roboti mweupe anayependwa na WALL-E, ulitokana na springi ya kuchezea, ile inayoshuka ngazi yenyewe. Burtt aliining'iniza kwenye ngazi na kuigonga. Kuirudia unahitaji springi ya chuma na kikombe cha karatasi tu.

Toboa kitako cha kikombe, pitisha ncha ya springi, ipinde ndani isichomoke. Shika kikombe juu, springi ining'inie bila kugusa meza, sakafu wala nguo yako. Gonga pete za chini kwa kijiko, mara moja, na uondoe kijiko haraka. Unapata "pyuuu" inayoanza juu na kuporomoka. Sababu ni kwamba ndani ya springi mawimbi ya sauti nyembamba hukimbia kuliko ya sauti nzito, kwa hiyo nyembamba inafika kikombeni kwanza na nzito inafuata.

Ikitoka "kwaa" fupi tu, umegonga karibu mno na kikombe, mawimbi hayajapata umbali wa kuachana. Ikiwa haina mlio kabisa, vidole vyako vimeshika pete. Kwa ukumbi mkubwa weka maiki mdomoni mwa kikombe, la sivyo watasikia wa mstari wa mbele peke yao.

Ongeza haya ya kusikiliza bila picha: mende Hal, miguu yake ni pingu zinazobofyabofywa, M-O, roboti msafishaji, anaposugua ni mashine ya umeme ya kunyolea ndevu, WALL-E akitembea taratibu ni jenereta ya jeshi ya kuzungusha kwa mkono. Cheza sauti peke yake kwanza, picha iletwe baada ya majibu kukusanywa. Wakibisha, ziada za DVD zina makala ambayo Burtt anaonyesha vifaa hivyo mwenyewe.

Obiti205
Msisahau WALL-E aliyefika Mars kweli. NASA, shirika la anga la Marekani, ilirusha setilaiti mbili ndogo za MarCO, kila moja kama mkoba wa kazini, pamoja na InSight, chombo cha kutua Mars, tarehe 5 Mei 2018. Wahandisi walizipa majina ya utani EVE na WALL-E. Swali: kwa nini majina hayo? Kwa sababu zilijisukuma na kujiweka sawa kwa gesi iliyobanwa, ya aina inayotumika kwenye mitungi ya kuzimia moto, na kwenye filamu WALL-E anajisukuma angani kwa mtungi huo huo. Zilipita Mars tarehe 26 Novemba 2018, zikarusha Duniani habari za InSight ikiwa inatua.

Mpanga_Raundi
Asanteni sana wakuu. Mawili ya mwisho: springi niliyoipata ni ya plastiki, itafaa? Na nikipata sare?

Kipaza_Sauti
Plastiki haifai, inameza sauti nyembamba na ule mporomoko haupatikani. Ukikosa ya chuma, rekodi ya simu ni bora kuliko plastiki.

Obiti205
Sare: "MarCO zilitumia siku ngapi tangu kurushwa hadi kupita Mars?" Atakayekaribia 205 anachukua. Waandike kwenye karatasi wote kwa pamoja, wasitamke, maana wa pili ataongeza moja tu juu ya namba ya mwenzake.