Kituo chako cha afya kina nyota ngapi? Wao wanajua, sisi tunafichwa

Wakuu, leo acha niseme.

Juzi nimekesha kwenye benchi la kituo kimoja cha afya hapa mjini Mwanza (jina naliacha), shemeji yangu yuko ndani na uchungu, sisi nje tunaambiwa tukatafute glovu. Mtoto kazaliwa salama, Mungu ashukuriwe. Ukutani wamebandika mkataba wa huduma kwa mteja, chini yake sanduku la maoni ambalo kufuli lake limeota kutu mpaka limegandana. Nikamuuliza mhudumu hapa mlipata nyota ngapi. Akaniangalia kama nimemuuliza mshahara wake.

Kwa wasiojua: 2015/16 serikali ilipita zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, ikavipa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Kama theluthi hivi viliambulia sifuri! Lengo lilikuwa asilimia 80 vifike nyota tatu ifikapo 2018. Wakarudia 2017/18, sifuri zikapungua sana, hongera zao, ila hiyo 80 hawakuinusa. Sasa kipi ni kipi? Mtu wa Igoma au Kirumba anachaguaje pa kumpeleka mkewe?

Na asiniambie mtu takwimu hazipo. Kila mama anayejifungulia kituoni anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA (rejista ya taarifa za huduma za afya), na kila mwezi muhtasari unaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta. NECTA, baraza la mitihani, wanaanika matokeo ya shule moja moja, hata ya kata huko porini. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, kila mwaka wanatuambia mamlaka ipi ya maji imeongoza na ipi imeburuza mkia. Uingereza tangu 2015 hospitali inalazimika kubandika daraja lake pale mgonjwa anapoliona. Kwetu uhai wa mama ndio siri ya ofisi?

Najua kuna watakaokuja na ile hoja kwamba mkitangaza vifo, hospitali zitakwepa wagonjwa mahututi. Ni kweli, New York walipoanza kutangaza vifo vya upasuaji wa moyo miaka ya 1990 madaktari walishutumiwa hivyo hivyo. Basi pimeni kwa haki: hospitali ya rufaa inayopokea mama aliyevushwa ziwa kutoka Ukerewe akiwa hoi, msiilinganishe na zahanati. Hilo linarekebishika. Kufungia ripoti kabatini hakurekebishi chochote.

Anayejua kituo chake kilipata nyota ngapi aweke hapa, na aseme alizionea wapi. Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, nawasubiri.